Kuingia bila Hodi: Ndoto ya Dora na Mfasiri Wake

Ndoto ya kumwona mkubwa amesimama kando ya kitanda hutaabisha kuliko ndoto ya simba au ya nyoka. Simba akimtokea mtu usingizini, mwotaji huamka, hushukuru kuwa yu salama, na mambo huishia hapo. Lakini aliyemwota baba, mwalimu, tabibu au tajiri wake akivuka kizingiti asichopasa kukivuka, huamka na mashaka mawili: mashaka juu ya mkubwa yule, na mashaka juu ya nafsi yake mwenyewe. Hujiuliza kama ndoto ile yasema neno juu ya yule aliyeingia, au juu yake yeye aliyelala. Mfasiri wa ndoto naye hana budi kuchagua pa kuanzia. Aweza kuuliza: Mwotaji ametamani nini? Au aweza kuuliza: Mwotaji ametendwa nini? Maswali haya mawili hayapingani, lakini lipi litangulie na lipi lifuate ni jambo kubwa, maana lile litanguliapo hulitawala lile lifuatalo.

Ni maandishi machache yaonyeshayo hatari ya uchaguzi huo kwa uwazi kama ile habari ndefu ya ugonjwa iliyotangazwa na Sigmund Freud mwaka 1905, ambayo watu wengi huijua kwa jina la habari ya Dora. Freud alikuwa tabibu wa Vienna, mji mkuu wa Austria. Kitabu chake kikubwa juu ya kufasiri ndoto kilitoka mwezi wa Novemba 1899, na juu ya jalada lake ukaandikwa mwaka 1900. Habari ya Dora aliiandika mwanzoni mwa 1901, akikusudia kuonyesha jinsi elimu hiyo mpya ya ndoto iwezavyo kufaa katika kazi ya kuponya. Basi ni habari ya mgonjwa. Lakini yasomeka pia kama hadithi, kwa kuwa ina watu, ina nyumba, ina siri, ina ndoto mbili, tena ina mwisho ambao mwandishi wake hakuutaka. Mhakiki wa Marekani, Steven Marcus, aliichambua mwaka 1974 kama kazi ya usimulizi, na tangu hapo imekuwa mali ya wahakiki wa fasihi sawa na ilivyo mali ya matabibu. Maadamu ni maandishi, yafaa ihakikiwe kama maandishi: nani anena, nani anyamaza, na kitu gani kimetajwa kisha kikaachwa njiani.

Msichana aliyefichwa chini ya jina la Dora aliitwa Ida Bauer. Alizaliwa Vienna mwaka 1882, binti wa mwenye viwanda vya nguo. Kaka yake, Otto Bauer, baadaye alikuja kuwa kiongozi mashuhuri wa wasoshalisti wa Austria. Baba alikuwa na maradhi ya kifua, kwa hiyo jamaa yote ilihamia mji wa Merano kwa ajili ya hewa ya milimani. Huko walifanya urafiki na mume na mke ambao Freud awaita Bwana K. na Bibi K. Bibi K. alimwuguza baba, na katika kuuguzana wakapendana. Dora naye alizoea kuwatunza watoto wadogo wa nyumba ile. Bwana K., aliyeona mkewe amechukuliwa, alianza kumwandama binti wa rafiki yake kwa maua, barua na zawadi za thamani.

Siku moja, Dora akiwa na umri wa miaka 14 kwa hesabu ya Freud, Bwana K. alifanya hila akabaki naye peke yake mahali pake pa biashara, akateremsha vifuniko vya madirisha, akamkumbatia kwa nguvu na kumbusu. Msichana alijinasua, akakimbilia barabarani kwa kinyaa. Miaka miwili baadaye, katika matembezi kando ya ziwa, Bwana K. alimtongoza waziwazi, Dora akampiga kofi, akaenda zake. Wachunguzi waliolinganisha tarehe wameona kwamba hata hesabu hiyo ya miaka imezidi, na kuwa mara zote mbili alikuwa mdogo zaidi. Dora alimweleza mama yake, na mama akamweleza baba. Bwana K. alipoulizwa alikana, akaongeza kwamba msichana asomaye vitabu vya mambo ya mapenzi si ajabu akijizulia visa. Baba aliyakubali maneno hayo, wala hakuyakubali bila faida, kwa maana ugomvi na Bwana K. ungaliuhatarisha urafiki wake yeye na Bibi K. Dora aliona wazi kwamba yeye ndiye aliyetolewa kuwa malipo, ili mume anyamaze juu ya mke. Wazee wake wakaja kuikuta barua ya kuaga maisha aliyoiandika. Mwezi wa Oktoba 1900, alipokuwa karibu kutimiza miaka 18, alipelekwa kwa Freud. Na aliyempeleka ni baba yule yule, ambaye alimwomba tabibu amrudishe binti yake katika akili njema.

Katika matibabu hayo Dora alieleza ndoto iliyokuwa ikimrudia. Nyumba yaungua. Baba yake amesimama kando ya kitanda chake, amwamsha. Avaa nguo upesi. Mama ataka kukawia ili aokoe kijaluba chake cha vito. Baba akataa, asema hawezi kukubali yeye na watoto wake wawili waungue kwa ajili ya kijaluba. Washuka ngazi mbio, na mara atokapo nje, mwotaji aamka.

Hapa yampasa mhakiki kuwa mwadilifu, kwani ustadi wa Freud katika kuuliza ni mkubwa. Hakuridhika na ndoto peke yake. Alitaka kujua iliotwa wapi na lini. Dora alijibu kwamba iliota kwake mara ya kwanza katika nyumba ya kando ya ziwa, usiku tatu mfululizo, baada ya yale yaliyompata huko. Freud akazidi kuuliza, na mambo yakajitokeza moja moja. Alasiri baada ya safari ile ya ziwani, Dora alijinyosha kitini chumbani apate usingizi kidogo. Akashtuka, akamwona Bwana K. amesimama mbele yake. Alipomwuliza atafuta nini, Bwana K. alijibu kwamba hapana wa kumzuia kuingia katika chumba chake mwenyewe, tena amekuja kuchukua kitu. Dora akaona hatari. Akamwomba Bibi K. ufunguo, na kesho yake asubuhi alijifungia alipokuwa akivaa. Alasiri alipotaka kujifungia tena, ufunguo haupo. Alishuku kwamba Bwana K. ndiye aliyeuondoa. Tangu hapo alivaa nguo kwa haraka kila asubuhi, kama avaavyo ndotoni, na akaazimia kwamba baba akiondoka ataondoka naye, ingawa ilikuwa imepangwa akae huko wiki kadhaa.

Haya yote yamo katika maandishi ya Freud mwenyewe, asingaliyauliza, yasingalijulikana. Tena aliona jambo zuri la kifasihi, kwamba mwisho wa ndoto umepinduliwa. Ndoto yasema kuwa mwotaji alipotoka nje aliamka. Azimio lililo nyuma yake lasema kuwa hatapata usingizi wa raha mpaka atoke katika nyumba ile. Kwa hiyo ndoto ilikuwa azimio la kukimbia, na ilirudi kila usiku kwa sababu azimio lilikuwa halijatimizwa. Lau tafsiri ingalisimama hapo, pangekuwa na machache ya kulaumu.

Lakini haikusimama hapo. Freud aliingia njia nyingine. Alimweleza Dora kwamba katika Kijerumani kijaluba cha vito ni jina la fumbo la mwili wa mwanamke. Dora akajibu kuwa alijua tu kwamba yeye tabibu angesema hivyo, na jibu hilo la dhihaka Freud akalichukua kuwa ungamo. Alikumbusha kwamba katika utoto baba alikuwa akimwamsha usiku asije akalowanisha kitanda, na kwamba Bwana K. alipata kumpa Dora kijaluba cha thamani kubwa. Kisha akayaunganisha: mwotaji amemwita baba wa utotoni aje amlinde, na anayemtaka amlinde naye ni nafsi yake, kwa sababu ampenda Bwana K. na aogopa asije akakubali. Yule kinyaa wa dukani alikuwa amekwisha kumhukumu hivyo hivyo. Aliona kuwa msichana mwenye afya asingalichukia, na kwamba kule kuchukia ndiko ugonjwa. Sehemu hii ya tafsiri Dora hakuifuata.

Yafaa kutazama ufunguo. Katika habari hii ufunguo ni kitu cha chuma kilichokuwa mlangoni asubuhi na alasiri hakipo. Ni ushahidi. Ufunguo haupotei kwa sababu msichana ametamani upotee. Huondolewa na mkono wa mtu. Lakini Freud, katika maelezo yake ya pembeni, alisema kwamba chumba ndotoni mara nyingi huwa ni mwanamke, na kwamba kama chumba ki wazi au kimefungwa si jambo dogo, wala aina ya ufunguo wa kukifungua haihitaji kuelezwa. Kwa hatua hiyo moja kitu kiligeuzwa kuwa fumbo, na kilipokwisha kuwa fumbo kiliacha kuwa ushahidi. Haikuulizwa tena nani aliuondoa. Palikuwa na swali juu ya mtu aliyesimama mbele ya kiti; pakawa na swali juu ya msichana aliyejinyosha juu yake.

Desturi ya Waswahili ina neno moja linalofaa hapa kuliko maneno mengi ya kitaalamu, nalo ni hodi. Mgeni hubisha hodi, hungoja akaribishwe. Akibisha mara tatu pasiwe na jibu, hurudi alikotoka. Hata mwenye nyumba, mgeni wake akiwa amelala chumbani, hugonga kwanza. Heshima hiyo haitegemei nani aliyejenga nyumba, bali nani aliye ndani kwa wakati ule. Jibu la Bwana K., kwamba chumba ni chake, ni jibu la mtu aonaye kuwa mali humwondolea wajibu wa hodi. Na ndoto ya Dora, ikisomwa kwa jicho hili, ni sahihi kuliko mfasiri wake. Yamweka kando ya kitanda mtu mwenye haki ya kuwapo pale, yaani baba, mahali pa yule asiye na haki. Yampa baba maneno ambayo mchana hakuyasema, kwamba watoto wake hawataungua kwa ajili ya kijaluba cha mtu. Mchana baba alifanya kinyume: alikiokoa kile alichokipenda, binti akaachwa motoni. Ndoto haikumsifu baba. Ilimkumbusha kazi yake.

Na kuna jambo jingine ambalo Freud alilipata kwa kuuliza na asilipe uzito wake. Siku zile ndoto iliporudi Vienna, nyumbani kwa Dora baba na mama walikuwa wakigombana kwa sababu mama alizoea kufunga chumba cha kulia usiku, na chumba cha kaka hakikuwa na njia nyingine ya kutokea. Baba aliona ni hatari; usiku laweza kutokea la kumlazimu mtu atoke. Basi hapa pana mlango uliofungwa ambao kijana apaswa kufunguliwa, na pale pana mlango usiofungika ambao msichana alitaka kuufunga. Jambo ni moja katika nyumba zote mbili: funguo zi mikononi mwa wengine.

Siku ya pili Dora aliongeza neno alilokuwa amelisahau, kwamba kila mara alipoamka katika ndoto hii alisikia harufu ya moshi. Dora alisema kwamba Bwana K. alikuwa mvutaji, na baba mvutaji, na Freud akaongeza kuwa yeye ni mvutaji pia. Tena yeye mwenyewe alizoea kumwambia Dora kwamba pafukapo moshi pana moto. Akakisia kuwa mgonjwa wake huenda alitamani busu la tabibu. Lakini harufu ile ile yaweza kusomwa kwa njia iliyo wazi zaidi, na isiyohitaji tamaa yoyote. Wanaume watatu walio juu yake, kila mmoja kwa cheo chake, wananuka harufu moja. Mtu aliyewahi kunusurika na moto hunusa moshi mapema kuliko wengine. Ndoto iliyoazimia kuikimbia nyumba ya ziwani iliporudi Vienna, ilirudi kwa kuwa mwotaji alikuwa tena katika chumba ambacho ufunguo wake hakuwa nao.

Kwamba chumba cha tabibu kilikuwa hivyo, ushahidi wake watoka kwa Freud mwenyewe. Tarehe 14 Oktoba 1900 alimwandikia rafiki yake Wilhelm Fliess habari za mgonjwa mpya, msichana wa miaka 18, akasema kuwa kesi yake imefunguka kwa ulaini mbele ya mkusanyo wake wa funguo bandia, za namna ile watumiayo wezi kufungulia kufuli za watu. Bila shaka aliandika kwa mzaha, na mzaha baina ya marafiki haufai kufanywa hati ya mashtaka. Lakini mhakiki wa lugha hawezi kuupita bila kuutazama. Msichana aliyeibiwa ufunguo alipelekwa kwa tabibu aliyejisifu kwa funguo za wezi.

Jina nalo lina habari yake. Katika kitabu chake cha mwaka 1901 juu ya makosa madogo ya kila siku, Freud alieleza alikolipata jina la Dora. Nyumbani kwa dada yake palikuwa na yaya aliyeitwa Rosa. Kwa kuwa dada yake pia aliitwa Rosa, mtumishi alilazimika kuacha jina lake na kuitwa Dora. Alipotafuta jina la mtu asiyeweza kubaki na jina lake, likamjia hilo. Tarehe 31 Desemba 1900 Dora alimwambia Freud kwamba siku ile ni ya mwisho. Alipoulizwa ameazimia lini, alijibu kuwa ni kama wiki mbili zilizopita. Freud akasema kuwa hiyo ni kama notisi ya mtumishi au ya mlezi wa watoto. Ndipo Dora akakumbuka habari ya mlezi wa watoto katika nyumba ya Bwana K., ambaye Bwana K. alimtongoza, akamwacha, na maneno aliyomwambia mlezi yule, kwamba hapati kitu kwa mkewe, ndiyo maneno aliyoyarudia kwa Dora kando ya ziwa. Kofi lile, basi, lilimpiga mtu aliyetoa maneno yaliyokwisha kutumika. Freud alilieleza kuwa ni kofi la wivu. Dora alimsikiliza bila kumbishia kama ilivyokuwa kawaida yake, akamwaga kwa upole na kumtakia heri ya mwaka mpya, wala hakurudi.

Wako wamtetezao Freud, na hoja zao zina nguvu. Kwanza husema kwamba yeye alimwamini Dora wakati wazee wake hawakumwamini. Alikubali kuwa ya dukani na ya ziwani yalitokea, na kuwa baba hakuwa mkweli. Hilo ni kweli, na kwa tabibu wa mwaka 1900 si jambo dogo. Pili husema kwamba tabibu si kadhi. Kazi yake ni kuijua nafsi ya mgonjwa, si kumhukumu jirani. Tatu husema kwamba hapana mtu apasaye kushtakiwa kwa ushahidi wa ndoto, kwa maana ndoto huchanganya watu na mahali, na mwenye hatia ndotoni aweza kuwa hana hatia mchana. Hoja hii ya tatu yafaa ikubaliwe yote. Aliyemwota mwalimu wake akimtenda ubaya hana haki, kwa ndoto hiyo peke yake, ya kumchafulia jina.

Lakini hoja hiyo yenyewe yamgeukia mfasiri. Ikiwa ndoto haitoshi kumtia hatiani aliyesimama kando ya kitanda, haiwezi pia kutosha kumtia hatiani aliyelala. Freud hakuhitaji ndoto ili ajue alilotenda Bwana K.; alikuwa nalo kutoka mchana, pamoja na duka, na ziwa, na kiti, na ufunguo. Alichofanya ni kuitumia ndoto kupunguza uzito wa mchana. Kumwamini mtu juu ya tendo, kisha kumwambia kwamba ndani ya moyo wake alilitaka tendo lile, ni kumpa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mkono mwingine. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Naye Dora aliambiwa kwamba ya kaburi lake mwingine ayajua zaidi. Erik Erikson, ambaye naye alikuwa wa shule ya Freud, aliandika katika makala iliyotoka mwaka 1962 kwamba kijana yule alihitaji ukweli wa mambo yaliyotokea ukubaliwe waziwazi, na kwamba haja hiyo ilikuwa ya umri wake, si dalili ya ugonjwa tu. Freud mwenyewe, katika maneno yake ya mwisho, alikiri kuwa alishindwa kuona kwa wakati kwamba mgonjwa amemhamishia yeye hisia alizokuwa nazo juu ya Bwana K., na kwamba ndoto ya kwanza ilikuwa onyo la kuondoka. Ungamo hilo ni la heshima. Hata hivyo lakiri kosa la utabibu, si kosa la kuingia bila hodi. Nayo habari yenyewe ilichapwa bila idhini ya mwenyewe, ingawa mwandishi alijua kwamba ikimfikia itamuumiza.

Msomaji wa Kiswahili anacho kipimo cha kulinganisha, kilicho cha zamani kuliko Vienna. Katika kisa cha Nabii Yusufu, kama kilivyo katika Kurani na kama kijulikanavyo katika pwani yote, mfasiri mkubwa wa ndoto ndiye aliyepata kuwa mtumwa katika nyumba ambayo bibi mwenye nyumba alifunga milango. Yusufu alikimbilia mlangoni, kanzu yake ikachanika. Bibi akamtangulia kushtaki. Lakini shahidi kutoka jamaa ya bibi yule yule hakuuliza Yusufu aliota nini wala alitamani nini. Alisema kanzu itazamwe: ikichanika mbele, bibi ni mkweli, ikichanika nyuma, Yusufu ni mkweli. Ilikuwa imechanika nyuma. Pamoja na hayo Yusufu alifungwa, na gerezani ndiko alikofasiri ndoto za wenzake, hata ndoto ya mfalme ikamfikia huko. Aliifasiri, lakini mfalme alipomwita atoke, alikataa kutoka mpaka liulizwe kwanza jambo la wale wanawake. Mtu aliyekuwa na elimu ya ndoto kuliko wote wa zama zake hakutaka sifa ya elimu hiyo ifunike swali la mlango na kanzu. Kule Misri palitazamwa kanzu. Huku Vienna ufunguo haukutazamwa.

Si kwamba Yusufu hakujua habari za matamanio. Kisa chenyewe hakiyafichi. Tofauti ni mpango wa maswali. Kwanza kanzu, kisha moyo. Na mpango huo haumdhulumu mkubwa pia, maana kanzu ingaliweza kuwa imechanika mbele. Humlinda mshtakiwa asihukumiwe kwa ndoto ya mtu, na humlinda mwotaji asihukumiwe kwa ndoto yake.

Yaliyofuata yaonyesha kwamba Dora alikuwa ameyajua hayo pasipo kufundishwa. Mwaka 1901 mtoto mmoja wa nyumba ya K. alifariki. Dora alikwenda kuwapa pole, na katika ziara hiyo aliyasema yote. Alimwambia Bibi K. kwamba ajua habari yake na baba, na Bibi K. hakukana. Akamlazimisha Bwana K. akiri yaliyotokea ziwani, akakiri. Habari hiyo Dora aliipeleka kwa baba yake. Ilipofika tarehe 1 Aprili 1902 alikwenda kwa Freud na maumivu ya uso, akamsimulia. Freud aliona usoni mwake kwamba hakuja kwa nia ya kweli ya kutibiwa, akaandika kuwa aliahidi kumsamehe kwa kumnyima furaha ya kumponya zaidi. Aliyekuja na ungamo la Bwana K. mkononi ndiye aliyesamehewa.

Somo la habari hii halihusu matabibu tu. Kila afasiriye maandishi ya mtu mwingine ana funguo mkononi, na kila mhakiki hupenda mafumbo, kwa kuwa mafumbo humpa kazi. Utenzi, hadithi au ndoto ikimtaja baba, mfalme au mwalimu aliyevuka mpaka, mhakiki hufanya haraka kusema kwamba mfalme ni fumbo la dola, na baba ni fumbo la mila, na chumba ni fumbo la nafsi. Yaweza kuwa kweli. Lakini fumbo halikiondoi kitu kilichofumbiwa. Kabla ya kusema ufunguo ni nini, yapasa kuuliza ulikuwa wapi asubuhi, na alasiri nani aliuchukua.

Ndoto ya pili ya Dora, aliyoieleza kabla ya kuondoka, yaonyesha jinsi yeye mwenyewe alivyolimaliza jambo hili. Yumo katika mji asioujua. Apata barua ya mama yake kwamba baba amekufa. Auliza mara mia iliko stesheni. Msituni mwanamume ataka kumsindikiza; akataa, aenda peke yake. Afika nyumbani, aambiwa na mtumishi kwamba mama na wengine wamekwisha kwenda makaburini. Kisha, katika sehemu aliyoikumbuka baadaye, yupo chumbani mwake, ametulia, asoma kitabu kikubwa kilicho juu ya meza. Freud aliuliza ni kitabu gani, akatoa jibu lake, kwamba ni kamusi yenye mambo ambayo wasichana huyasoma kwa siri. Huenda. Lakini ndoto yasema pia jambo lililo rahisi kuonekana: hapana mtu kando ya kitanda, na asomaye ni yeye.